Karafuu Inatuliza Jino. Je, Inaliponya?



Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Geita. Hata wiki ya kwanza haijaisha, kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaingia kutoka machimboni kashika shavu. Yeye yuko kwenye duara upande wa Nyarugusu, anashinda huko na siku nyingine anakesha huko huko. Jino la nyuma, chini kulia, lilikuwa limetoboka siku nyingi, na sasa lilikuwa limeamka. Panado alishameza mpaka amechoka. Usiku wa pili bila usingizi mama akanipa hela: "Hebu kimbia dukani, mletee kaka yako karafuu."

Nikaleta za mia tano. Nikazitwanga mbili kidogo kwa kitako cha glasi, nikamwambia aziweke pale kwenye tundu ang'ate taratibu. Akakunja uso kwa ule ukali, akatema mate mara mbili tatu, halafu akatulia. Haikupita nusu saa alikuwa anakoroma. Asubuhi akaniambia, "Mwalimu, umenitibu. Wewe ungesomea udaktari." Kwa kweli nilivimba kichwa. Akarudi duarani na kipakti cha karafuu mfukoni. Kila nilipompigia simu alisema mambo safi, na baada ya wiki kama mbili akaniambia jino limepona kabisa, hata karafuu haweki tena.

Wiki ya tatu wenzake wakamleta kwa bodaboda, wamemkalisha katikati asianguke. Taya lilikuwa limevimba mpaka chini ya shingo, mdomo haufunguki zaidi ya kidole kimoja, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni.

Nitarudi kwake mwishoni. Makala hii nimeiandika kwa sababu ya hizo wiki tatu. Nilitaka kujua karafuu niliyomwekea ilifanya nini kwenye lile jino, na ni nini ambacho haikufanya. Najua hosteli zetu zimejaa karafuu, kwenye chai, kwenye pilau la Jumapili, na siku hizi kwenye chupa za maji. Basi tuielewe.

Karafuu ni nini hasa

Wengi wetu wa kanda ya ziwa tunaijua karafuu ikiwa tayari kwenye kipakti, na ukimuuliza mtu atakwambia ni mbegu. Si mbegu. Ni tumba la ua, yaani ua ambalo halijachanua, likakaushwa. Ukiangalia karafuu nzima utaona kijiti na juu yake kichwa kidogo cha mviringo kinachoshikwa na meno manne. Kile kichwa ndiyo petali zilizokunjwa. Likiachwa mtini mpaka lichanue, thamani yake kama kiungo inashuka.

Mti wake ni mkarafuu, na kitaalamu unaitwa Syzygium aromaticum. Jina hilo la kwanza linabebwa pia na mzambarau, kwa hiyo karafuu na zambarau tulizokula tukitoka shule mpaka ulimi ukawa wa bluu ni ndugu wa karibu. Mpera na mkaratusi nao wako kwenye ukoo huo mkubwa. Ukiisha kujua hilo hushangai harufu: vunja jani la mpera au la mkaratusi ulinuse, utaona familia nzima imejaa mafuta.

Kazi yake si ndogo. Mkarafuu unaanza kuzaa baada ya miaka kama sita hadi minane. Matumba huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, yakiwa yameanza kubadilika kutoka kijani kuwa mekundu kidogo. Kisha watu hukaa chini kuyachambua, karafuu huku na makonyo huku, halafu huanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa mpaka yawe ya kahawia. Kilo tatu mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Hata makonyo hayatupwi. Kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Safari yake kuja kwetu

Nyumbani kwa asili kwa mkarafuu si Zanzibar. Ni visiwa vidogo vya Maluku, Indonesia ya leo, hasa Ternate, Tidore na jirani zao. Kwa karne nyingi karafuu yote iliyotumika duniani ilitoka hapo tu. Wachina wa enzi za utawala wa Han wanasimuliwa kuwa waliitafuna kabla ya kuzungumza na mfalme, ili pumzi isinuke. Maana yake, matumizi ya karafuu kinywani yana umri wa takriban miaka elfu mbili. Waarabu waliiita qaranful, na Kiswahili kikapata karafuu. Waingereza waliipa jina lenye asili ya neno la msumari, kwa umbo lake.

Kitu kinachopatikana sehemu moja tu na kinatakiwa na kila mtu huleta vita. Wareno walifika Maluku mwaka 1512. Ile safari ya Magellan ya kuizunguka dunia, ambayo yeye mwenyewe aliuawa njiani, ilimalizika mwaka 1522 kwa meli moja kurudi Hispania, na shehena yake ilikuwa karafuu. Baadaye Waholanzi waliteka biashara yote. Katika karne ya 17 walikata mikarafuu kwenye visiwa vingine na kuiacha hasa Ambon na maeneo walikoweza kuilinda, ili bei ibaki juu. Ukuritimba huo ulivunjwa na Mfaransa aitwaye Pierre Poivre, ambaye mwaka 1770 alifanikiwa kupata miche ikapandwa Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, mkarafuu ukafika Unguja.

Hapo ndipo historia hii inapoingia bara. Seyyid Said, sultani aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman, aliona faida mapema. Inaelezwa kwamba aliwaagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Alipofariki mwaka 1856 biashara ilikuwa imeshapamba moto, na muda si mrefu sehemu kubwa ya karafuu ya dunia nzima ikawa inatoka Unguja na Pemba. Lakini nani aliichuma? Watumwa. Wengi walitekwa pande za Ziwa Nyasa wakapitishwa Kilwa, na wengine walitoka ndani zaidi. Misafara iliyopita Tabora hadi kusini mwa ziwa letu ilikuwa inafuata pembe za ndovu, na Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wake, lakini watu nao waliuzwa kwenye njia hizo hizo.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu ya Zanzibar unazungumzia hasa karafuu ya Pemba. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na sheria ikaacha kuutambua utumwa mwaka 1897. Mashamba yakabaki na njaa ya vibarua, na miongoni mwa waliovuka bahari kwenda kupalilia na kuchuma kwa ujira walikuwa Wanyamwezi. Kwa hiyo mtu wa Geita au Shinyanga anapoiona karafuu kama kitu cha Waswahili wa pwani, ajue kuna jirani za babu zake waliopanda ile miti.

Leo mkulima wa Zanzibar huuza karafuu kwa shirika la serikali la ZSTC, na kupeleka kwingine kwa njia za panya ni magendo. Mzalishaji mkubwa duniani ni Indonesia tena, ila nyingi inachomwa moto. Wanaitia kwenye sigara zao zinazoitwa kretek. Simulizi ya kule inasema sigara hiyo ilianzishwa karne ya 19 na Haji Jamhari wa mji wa Kudus, ambaye alikuwa na maumivu ya kifua. Alijipaka mafuta ya karafuu akapata nafuu, akaona bora aivute kabisa pamoja na tumbaku ili dawa ifike ndani. Yaani sigara ilianza kama tiba ya kifua! Nimeikumbuka sana simulizi hiyo kwa sababu kosa lake linafanana na langu. Kitu kilituliza maumivu, basi tukaamini kinatibu ugonjwa.

Ndani ya karafuu kuna nini

Karafuu kavu ina mafuta mengi kuliko viungo vingi vya jikoni, kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Katika mafuta hayo, kemikali inayotawala ni eujenoli, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90. Ile harufu, ule ukali wa kwanza kwenye ulimi na ile ganzi inayofuata, vyote ni yeye.

Eujenoli inafanyaje ganzi? Mshipa wa fahamu hupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo kwa kufungua na kufunga milango midogo sana inayoruhusu chembe za sodiamu kuingia. Eujenoli inaizuia milango hiyo. Jino linaendelea kuwa bovu vilevile, ila taarifa haipandi juu. Dawa za ganzi anazochoma daktari wa meno zinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwa nguvu kubwa zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walichapisha jaribio la watu wazima 73 waliojitolea. Walipakwa kwenye fizi jeli ya karafuu, au dawa ya ganzi ya benzokaini, au dawa bandia, halafu wakachomwa sindano. Karafuu ilipunguza maumivu ya sindano karibu sawa na benzokaini. Hata samaki wanalazwa nayo: wataalamu wa uvuvi huweka mafuta ya karafuu kwenye maji ili samaki atulie wakimpima.

Kwa hiyo mama hakukosea. Bibi zetu hawakukosea. Karafuu inatuliza jino kweli, na si imani tu. Ukitaka uhakika, ingia chumba cha daktari wa meno uvute pumzi. Ile harufu inayotukumbusha pilau ni eujenoli. Wanaichanganya na unga wa zinki oksaidi kupata kitu kama udongo laini wa kuzibia jino kwa muda, na kwa zaidi ya miaka mia moja mchanganyiko huo umekuwa kwenye kabati zao.

Vilevile ni kweli kwamba eujenoli inaua bakteria. Lakini hapa tuwe makini. Inawaua maabara, kwenye kisahani, ambako dawa na bakteria wanakutana uso kwa uso. Mdomoni mambo ni mengine: mate yanaiosha, na wale bakteria wenyewe wamejificha ndani ya mifereji ya jino ambako karafuu uliyoing'ata juu haifiki.

Kinachoendelea ndani ya jino

Sisi wa ualimu tunapenda kuchora ubaoni, basi tuchore kwa maneno. Jino lina tabaka tatu. Nje kuna ngozi ngumu nyeupe, kitu kigumu kuliko mfupa. Chini yake kuna tabaka laini kidogo la njano. Katikati kabisa kuna chumba chenye mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na chumba hicho kinateremka kwa mfereji mwembamba mpaka ncha ya mzizi ndani ya taya.

Bakteria wa kinywani wanakula sukari tunayokula, wanatoa tindikali. Soda, keki, chai ya vijiko vinne, pipi ya kuondoa usingizi duarani au kwenye prepo, zote ni chakula chao. Tindikali inayeyusha ngozi ya nje taratibu. Hapo huna maumivu yoyote. Wakifika tabaka la pili unaanza kusikia baridi na sukari vikikuchoma. Wakifika kwenye chumba cha katikati, mshipa unavimba. Lakini umezungukwa na kuta ngumu, hauna pa kuvimbia, ndiyo maana maumivu ya jino hayana mfano na huwa mabaya zaidi ukilala. Hii ndiyo hatua aliyokuwa nayo kaka siku nilipokwenda dukani.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonidanganya. Mshipa ukishambuliwa vya kutosha, unakufa. Ukifa, maumivu yanakoma. Mtu anashukuru Mungu, anasema jino limepona, na kama alikuwa anaweka karafuu, karafuu inapata sifa. Karafuu haikuua mshipa wala haikuponya jino. Bakteria ndio waliomaliza kazi yao chumba cha katikati na kuanza kushuka mzizini. Pale kwenye ncha ya mzizi linatengenezwa jipu. Usaha ukipata njia ya kutoka, utaona kipele kwenye fizi. Ukikosa njia unatafuta nafasi kwenye nyama: shavu, chini ya ulimi, chini ya taya, shingo. Uvimbe wa chini ya ulimi ukipanda, unausukuma ulimi juu na nyuma na kuziba njia ya hewa. Mtu anaweza kufa kwa jino. Naomba usome sentensi hiyo mara ya pili, maana mimi mwenye miaka 22 na mwaka wa mwisho wa shahada nilikuwa siijui.

Si tatizo la watu wachache pia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa fulani wa kinywa, na kuoza kwa meno kunaongoza.

Maji ya karafuu ya hosteli

Siwezi kuacha hili. Tangu mwaka juzi karafuu imepata kazi mpya chuoni. Chupa ya maji iliyolowekwa karafuu usiku kucha inasemwa inasafisha kizazi, inapunguza tumbo, inarudisha hamu, inaongeza nguvu, inaponya vidonda vya tumbo, na wengine wanaitumia kuoshea sehemu za siri. Madai haya hayajathibitishwa kwa tafiti za watu. Kikombe cha chai chenye karafuu mbili tatu ni chakula, kunywa kwa raha. Lakini kitu kinachotia ganzi na kuchoma ulimi ukikiweka kwenye ngozi laini ya ndani, kitachoma na huko pia. Uke unajisafisha wenyewe, na kama kuna harufu au uchafu usio wa kawaida, huo ni ugonjwa unaopimika na kutibika.

Zaidi ya hapo, kuna tofauti kubwa kati ya karafuu nzima na mafuta ya karafuu yanayouzwa kwenye vichupa. Kichupa kimoja kimebeba eujenoli ya rundo zima la karafuu. Mafuta hayo bila kuchanganywa yanaunguza fizi. Na mtoto mdogo akiyanywa, hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo, yanaweza kumharibu ini, kumletea degedege na kumpoteza fahamu. Wenye wadogo zao nyumbani, kichupa kiwe juu kabisa.

Kuna na lile jina la kutuchanganya: karafuu maiti. Hiyo si karafuu. Ni kafuri, ile nyeupe inayotumika kwenye kuandaa maiti, na ukiimeza ni sumu. Ukimtuma mtoto dukani, mwambie vizuri anunue ipi.

Namna ya kuitumia bila kujidanganya

Baada ya kusoma na kuuliza, hivi ndivyo ninavyowaambia wa nyumbani sasa.

Jino likiuma usiku na hospitali ni asubuhi, sukutua kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi ili kutoa mabaki ya chakula. Chukua karafuu nzima moja, iweke jirani na jino, ing'ate taratibu mpaka ganzi ije, kisha itoe. Usilale nayo mdomoni. Kama una mafuta tu, tone moja au mawili lichanganywe na mafuta ya kula kijiko kimoja cha chai, chovya pamba, gusisha jino, usipake fizi nzima. Usiponde kidonge cha aina yoyote ukakiweka kwenye tundu, maana vinaunguza. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asifanye mazoea ya karafuu nyingi.

Halafu hesabu. Karafuu ikusaidie kufika asubuhi, isikufikishe wiki ijayo. Jino lililouma mpaka likakukosesha usingizi halirudi kuwa zima lenyewe, hata maumivu yakiisha. Likinyamaza ghafla bila kuzibwa wala kung'olewa, hiyo ni sababu ya kuwahi, si ya kusherehekea. Na ukiona uvimbe usoni au shingoni, homa, mdomo kugoma kufunguka, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida, usisubiri asubuhi. Nenda usiku huo huo.

Najua mtu atasema, "Hospitali gani, na hela ipi?" Ni swali la haki. Machimboni siku ya kwenda hospitali ni siku ya kukosa mgao, na zahanati nyingi za jirani hazina huduma ya meno. Lakini tupige hesabu yote. Tundu dogo linazibwa na jino linabaki. Tundu kubwa ni kung'oa. Jipu la shingo ni kulazwa, dripu, usafiri na wiki kadhaa bila kazi, na familia nzima imechangishwa. Na sisi wanachuo ambao tumelipia bima ya afya, wengi tunaikumbuka kadi siku ya malaria tu. Nenda ukaulize kadi yako inalipia nini upande wa meno kabla jino halijaanza kukuuliza wewe.

Nimalizie kwa kaka

Zahanati tuliyoanzia walimwangalia tu shingo wakatuandikia rufaa. Hospitali kubwa walimpasua chini ya taya usiku ule ule kutoa usaha, wakamwekea dawa kwa dripu siku sita, na jino likang'olewa. Amepona. Ana kovu la urefu wa kidole gumba ambalo anasema akipata hela atalifugia ndevu.

Siku ya tatu, alipoanza kuongea, tabibu wa meno alimuuliza swali moja: "Hili jino liliacha kuuma lini?" Kaka akahesabu kwa vidole, akaonyesha tisa. Siku tisa kabla ya kuletwa. Tabibu akaitikia kwa kichwa, akaandika. Ndizo siku zilezile aliponiambia kwenye simu kwamba karafuu imemponya, na mimi nikaenda kumsimulia mama.

Nilimweleza yule tabibu kwamba mimi ndiye niliyempa karafuu, nikisubiri anifokee. Hakunifokea. Akavuta droo, akatoa kichupa cha rangi ya kahawia, akafungua kifuniko akanisogezea puani. Ilikuwa harufu ile ile ya dukani. "Hata sisi tunaitumia," akasema. "Ila sisi tukishaiweka, tunampangia mgonjwa tarehe ya kurudi."

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha, na nimeomba nipangwe mkoani kwetu. Nikipewa kipindi cha baiolojia nitachora lile jino ubaoni na tabaka zake tatu. Kipakti kilichobaki cha kaka bado ninacho hapa hosteli, kwenye kopo la majani ya chai. Mwenzangu wa chumba juzi aliamka usiku ameshika shavu, nikampa karafuu moja. Saa mbili asubuhi tulikuwa wote kwenye foleni ya meno.